Mahali pa Kusimama: Mawanda na Malengo ya Mashambulizi ya Kisovieti ya Majira ya Baridi, 1941–1943

Agizo la kijeshi linaloanzisha mashambulizi makubwa huwa na sehemu mbili ambazo wasomaji wa historia huzichanganya mara nyingi. Ya kwanza ni lengo, yaani hali ambayo kamanda anataka iwepo pindi mapigano yatakapokwisha: mji uwe umekombolewa, jeshi fulani la adui liwe limeteketezwa, reli iwe imekatwa. Ya pili ni mawanda, yaani upana wa eneo la kushambulia, kina cha kupenya, muda unaotarajiwa na wingi wa majeshi yatakayohusika. Lengo laweza kuandikwa kwa sentensi moja na mtu aliyeketi ofisini. Mawanda hayaandikiki kwa wepesi huo, kwa kuwa kila kilomita inayoongezwa kwenye ramani inadai makombora, chakula cha farasi, mafuta, mabehewa na watu. Mhadhara huu unachunguza jinsi Amri Kuu ya Muungano wa Kisovieti ilivyoyafafanua mambo hayo mawili katika majira mawili ya baridi ya vita dhidi ya Ujerumani, yale ya 1941–1942 na yale ya 1942–1943. Hoja inayoubeba ni kwamba wanadhimu wa Kisovieti walimudu vizuri kueleza mashambulizi yaanze lini na wapi, ila maagizo yao yalipwaya kila yalipotakiwa kueleza yakome wapi.

Suala lenyewe halikuwa geni mjini Moscow. Katika miaka ya 1920 Aleksandr Svechin, jenerali wa zamani wa jeshi la kifalme aliyekuja kuwa mwalimu wa makamanda wa Jeshi Jekundu, alitofautisha mkakati wa kuteketeza, unaotafuta ushindi kwa pigo moja kubwa, na mkakati wa kudhoofisha, unaomchosha adui kwa hatua ambazo kila moja ina lengo lenye mpaka. Vladimir Triandafillov, katika kitabu chake cha 1929 juu ya operesheni za majeshi ya kisasa, alifanya kazi isiyo na mvuto kwa washairi lakini yenye thamani kubwa kwa askari, ya kukokotoa jeshi linaweza kusonga umbali gani kabla reli inayolilisha haijabaki nyuma mno. Operesheni, kwa istilahi ya wataalamu hao, ni mfululizo wa mapigano yaliyofungwa pamoja na dhamira moja, na ustadi wa kuyafunga pamoja waliuita sanaa ya operesheni. Nyuma yao wote kulikuwa na fikra ya Mjerumani Carl von Clausewitz kwamba kila shambulio lina nukta ya kilele, ambapo nguvu za mshambuliaji, zilizokuwa zikipungua kwa kila hatua aliyosonga, hubaki za kutosha kujihami tu, na anayeipita nukta hiyo bila kujua hujikuta ameiweka shingo yake mahali pa kukatwa. Triandafillov alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1931. Marshali Mikhail Tukhachevsky, mtetezi mkuu wa mashambulizi ya kina, alipigwa risasi mwaka 1937, na Svechin mwaka 1938. Vitabu vilibaki kwenye maktaba, lakini watu waliozoea kumwambia mkubwa kwamba hesabu haitoshi walikuwa wamepungua sana vita ilipoanza tarehe 22 Juni 1941.

Mashambulizi ya kwanza ya majira ya baridi yalizaliwa kutokana na dharura. Mwanzoni mwa Oktoba 1941 Wajerumani waliyazingira majeshi kadhaa ya Kisovieti karibu na Vyazma na Bryansk, wakafungua njia ya kuelekea Moscow, na baada ya hatua zao kucheleweshwa na tope walianza tena kusonga katikati ya Novemba ardhi ilipoganda. Mwishoni mwa mwezi huo baadhi yao walikuwa wamevuka mfereji wa Moscow–Volga huko Yakhroma, upande wa kaskazini, na upande wa kusini vifaru vya Heinz Guderian vilikuwa vimeipita Tula na kukaribia Kashira. Jenerali Georgy Zhukov aliongoza Fronti ya Magharibi tangu tarehe 10 Oktoba, fronti ikiwa, kwa matumizi ya Kisovieti, kundi la majeshi kadhaa chini ya kamanda mmoja. Tarehe 29 Novemba alimwomba Stalin ampe majeshi ya akiba yaliyokuwa yamefichwa nyuma ya safu, likiwemo Jeshi la 1 la Mashambulizi na Jeshi la 10, na siku iliyofuata akawasilisha mpango wake.

Mpango huo unastahili kusomwa kwa makini kwa sababu ya udogo wake. Haukuzungumzia kuliteketeza Kundi la Majeshi la Kati la Ujerumani, wala kufika Smolensk. Ulitaka tu kuzipiga ncha mbili za adui zilizokuwa zimechomoza mbele zaidi, moja katika eneo la Klin, Solnechnogorsk na Istra, na nyingine kusini katika ubavu na mgongo wa Guderian, ili hatari iliyokuwa ikiikabili Moscow moja kwa moja iondoke. Majeshi ya katikati yalipewa kazi ya kumshika adui mahali alipo asihamishe askari wake. Kilomita za kusonga zilikuwa chache, na sababu yake ilikuwa wazi kwa kila aliyehusika, kwamba vifaru vilikuwa vichache, makombora machache, na wengi wa askari wapya walikuwa bado hawajanusa baruti.

Fronti ya Kalinin ya Ivan Konev ilianza tarehe 5 Desemba, Fronti ya Magharibi na mrengo wa kulia wa Fronti ya Kusini-Magharibi zikafuata tarehe 6. Istra ilikombolewa tarehe 11, Klin tarehe 15, Kalinin tarehe 16, Kaluga tarehe 30, na ilipofika wiki ya kwanza ya Januari Wajerumani walikuwa wamesukumwa kati ya kilomita 100 na 250. Upande wa pili mambo yalikuwa yakibomoka: Hitler alikataza kurudi nyuma, akamwondoa Walther von Brauchitsch tarehe 19 Desemba na kujitwalia mwenyewe uongozi wa jeshi la nchi kavu, nafasi ya Fedor von Bock, kamanda wa Kundi la Majeshi la Kati, ikachukuliwa na Günther von Kluge, na Guderian akafukuzwa siku za Krismasi. Mtu aliyekuwa Kremlin akitazama ramani na kusikia majina hayo yakidondoka moja baada ya jingine alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba mti umeshaanza kulala na unahitaji msukumo mmoja tu.

Jioni ya tarehe 5 Januari 1942 Stavka, chombo kidogo cha Amri Kuu kilichoongozwa na Stalin, ilikutana kujadili hatua inayofuata, na kikao hicho ndicho kiini cha mada hii. Marshali Boris Shaposhnikov, Mnadhimu Mkuu, alieleza rasimu ya mpango ambao kwa mawanda yake haukufanana hata kidogo na ule wa Novemba. Fronti za Magharibi na Kalinin zingeyazingira majeshi makuu ya Kundi la Kati katika eneo la Rzhev, Vyazma na Smolensk. Fronti za Leningrad na Volkhov, pamoja na mrengo wa kulia wa Fronti ya Kaskazini-Magharibi, zingelishinda Kundi la Kaskazini na kuvunja mzingiro wa Leningrad. Fronti za Kusini-Magharibi na Kusini zingelipiga Kundi la Kusini na kuikomboa Donbas yenye migodi ya makaa ya mawe. Na huko kusini kabisa, Rasi ya Crimea ingetwaliwa tena. Kwa maneno mengine, pigo la kuiondolea Moscow hatari liligeuzwa kuwa mashambulizi ya jumla kutoka Ziwa Ladoga hadi Bahari Nyeusi, na yote yaanze takriban kwa wakati mmoja.

Kwa mujibu wa kumbukumbu alizoandika baadaye, Zhukov alipinga. Alikubali kwamba upande wa magharibi mashambulizi yaendelee, kwa kuwa huko adui alikuwa ameshavurugika, lakini kwa sharti kwamba fronti zipewe watu, zana na hasa vifaru. Pande nyingine, alisema, majeshi yangekutana na ngome zilizokwisha kuimarishwa, na bila mizinga ya kutosha yangejimaliza bure. Aliyemuunga mkono hakuwa askari. Nikolai Voznesensky, msimamizi wa mipango ya uchumi wa taifa, alieleza kwamba zana zilizokuwepo hazikutosha kuzilisha fronti zote zikishambulia kwa pamoja. Alijua alichokuwa akisema: zaidi ya viwanda 1,500 vilikuwa vimehamishwa kwa reli kuelekea Urali, Siberia na Asia ya Kati tangu majira ya joto yaliyotangulia, na mashine nyingi zilikuwa ama njiani ama zimefika lakini hazijaanza kuzunguka. Stalin alijibu kwamba amezungumza na Marshali Timoshenko, aliyesimamia fronti za upande wa kusini-magharibi, naye anaunga mkono kushambulia, kikao kikafungwa. Walipotoka, Shaposhnikov alimwambia Zhukov kwamba alibishana bure, kwa kuwa jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa kabla ya kikao. Simulizi hiyo inatoka upande mmoja, nao ni upande wa mtu aliyekuwa na sababu za kujionyesha mwenye busara. Hata hivyo yaliyofuata yanaipa uzito, kwa sababu upungufu alioutaja Voznesensky ulijitokeza karibu neno kwa neno.

Siku tano baadaye, tarehe 10 Januari, Stavka ilizipelekea fronti barua ya maelekezo iliyofafanua lengo la kisiasa na la kijeshi kwa pamoja. Wajerumani, barua ilieleza, wanatafuta muda wa kupumua hadi majira ya kuchipua. Kazi ya Jeshi Jekundu ni kuwanyima muda huo, kuwasukuma magharibi bila kusita, na kuwalazimisha watumie akiba zao kabla ya majira hayo, ambapo Muungano wa Kisovieti utakuwa na akiba mpya na Ujerumani haitakuwa nazo, na hivyo kushindwa kabisa kwa Wajerumani kukamilike ndani ya mwaka 1942. Ukilichambua, lengo hilo halikutaja mahali popote pa kusimama. Lilitaja hali ya adui, kuishiwa akiba, ambayo kamanda wa fronti hakuwa na njia ya kuipima kutoka kwenye handaki lake. Na pasipo kipimo kilichobaki ni amri ya kuendelea tu.

Barua hiyo hiyo ilikuwa na sehemu ya pili, iliyoandikwa na watu walioielewa vita vizuri. Iliwakataza makamanda kutawanya divisheni zao sawasawa kwenye safu nzima, ikadai waunde makundi ya kushambulia yenye wingi unaomzidi adui mara kadhaa mahali palipochaguliwa, na ikataka mizinga isiishie kufyatua kwa muda kabla ya shambulio na kisha kunyamaza, bali iwasindikize askari wa miguu hadi ulinzi wa adui uvunjike katika kina chake chote. Mafundisho hayo yalikuja kuwa msingi wa ushindi wa miaka iliyofuata. Kinachoshangaza, na pengine kinachosikitisha zaidi katika nyaraka za majira hayo, ni kwamba barua iliwakataza makamanda wa majeshi kutawanya nguvu zao, huku Stavka yenyewe ikizitawanya za nchi nzima.

Hesabu ya makombora inaeleza yaliyobaki. Zhukov aliandika kwamba katika Januari 1942 Fronti ya Magharibi ilipokea asilimia 44 tu ya makombora ya mizinga yaliyopangwa, na kwamba ilifika wakati mzinga mmoja uliruhusiwa kufyatua risasi moja au mbili kwa siku, tena katika kipindi cha kushambulia. Tarehe 19 Januari Stavka iliagiza Jeshi la 1 la Mashambulizi, ambalo lilikuwa limetoka tu kuivunja safu ya Wajerumani karibu na Volokolamsk, liondolewe huko na kupelekwa Fronti ya Kaskazini-Magharibi. Pingamizi la Zhukov halikusikilizwa. Mshika mbili moja humponyoka, na Stavka ya Januari ilikuwa imeshika zaidi ya mbili.

Yaliyotokea Vyazma yanaonyesha jinsi mawanda mapana yanavyowageukia wenyewe waliotumwa kuyatimiza. Mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari, divisheni kadhaa za Jeshi la 33 la Jenerali Mikhail Yefremov zilipenya hadi karibu na mji huo, kikosi kikubwa cha wapanda farasi cha Pavel Belov kikavuka barabara kuu ya Wajerumani kutokea kusini, na askari wa miavuli wakaanza kudondoshwa nyuma ya adui, ingawa kidogo kidogo kwa sababu ndege za kuwabeba zilikuwa chache. Kwenye ramani hayo yalionekana kama kamba inayofungwa shingoni mwa Kundi la Kati. Lakini upenyo alioupitia Yefremov ulikuwa mwembamba, haukuwa na askari wa akiba wa kuushikilia, na Wajerumani waliuziba nyuma yake. Waliokwenda kuzingira walizingirwa. Yefremov alijaribu kutoka mwezi Aprili, akajeruhiwa, na tarehe 19 akajipiga risasi ili asikamatwe. Belov aliendelea kupigana nyuma ya safu pamoja na wapiganaji wa msituni mpaka majira ya joto. Tarehe 20 Machi Stavka bado ilikuwa ikitoa agizo jipya lenye kudai mambo yale yale yakamilishwe ndani ya mwezi mmoja, na ni tarehe 20 Aprili tu, theluji ikiyeyuka na barabara zikigeuka tope, ndipo fronti hizo zilipoingia kwenye ulinzi. Takwimu rasmi zilizochapishwa Urusi baada ya kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti zinaonyesha kwamba operesheni ya Rzhev–Vyazma, kuanzia tarehe 8 Januari hadi 20 Aprili, iligharimu askari 776,889, wakiwemo 272,320 waliokufa, kutekwa au kupotea. Mashambulizi ya Desemba, yaliyokuwa na lengo dogo na yakalitimiza, yaligharimu 370,955.

Kwingineko hadithi ilikuwa na sura ileile. Jeshi la 2 la Mashambulizi lilipita kwenye mwanya mwembamba kuelekea Lyuban kwa nia ya kuiokoa Leningrad, likakwama kwenye vinamasi na kuangamia mwezi Juni. Huko Demyansk karibu Wajerumani 100,000 walizingirwa mwezi Februari, lakini mshikaji hakuwa na nguvu ya kuwamaliza, nao wakalishwa kwa ndege mpaka njia ilipofunguliwa Aprili, tukio lililomfundisha Hitler somo la uongo ambalo angelilipia Stalingrad. Eneo lililotwaliwa Januari kusini mwa Kharkov, karibu na Barvenkovo, lilibaki limechomoza kama ulimi, na Mei likawa mtego ambamo zaidi ya watu 250,000 wa Jeshi Jekundu walipotea au kujeruhiwa.

Haki inadai kusemwa kwamba uamuzi wa Januari haukuwa wazimu. Kundi la Kati kweli lilikuwa hoi. Kluge mwenyewe aliomba ruhusa ya kurudi nyuma, naye Hitler akaiidhinisha kwa sehemu katikati ya Januari. Kumwacha adui aliyeyumba apate miezi mitatu ya kujenga mahandaki kungekuwa na gharama yake pia, na wapo wanahistoria wanaoona kwamba shinikizo la upana wote liliwazuia Wajerumani kuhamisha divisheni kutoka upande mmoja kuziba upande mwingine. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inahalalisha kushambulia kwingi kwa namna ya kumshika adui mahali alipo. Haihalalishi kila shambulio kupewa lengo la kuteketeza kundi zima la majeshi. Mpango wa Zhukov wa Novemba ulijua kutofautisha kazi hizo mbili. Barua ya Januari haikutofautisha.

Majira ya baridi yaliyofuata yalianza kwa nidhamu zaidi. Operesheni iliyopewa jina la Uranus, iliyoanza tarehe 19 Novemba 1942, ilipiga mbavu za Jeshi la 6 la Ujerumani mjini Stalingrad kupitia majeshi ya Rumania, ambayo hayakuwa na silaha za kutosha dhidi ya vifaru, na tarehe 23 pande mbili za mzingiro zikakutana karibu na Kalach. Lengo lilikuwa moja na lenye mpaka: kuzingira, kisha kusimamisha pete mbili, ya ndani ikimtazama aliyezingirwa na ya nje ikimtazama atakayekuja kumwokoa. Walichokosea wanadhimu ni hesabu ya walionaswa. Aleksandr Vasilevsky, aliyekuwa Mnadhimu Mkuu wakati huo, alikiri kwamba walitarajia watu 85,000 hadi 90,000, kumbe ndani ya pete kulikuwa na karibu 300,000.

Kosa hilo la hesabu ndilo lililolazimisha uamuzi ambao, kwa maoni ya mwandishi wa mhadhara huu, ni ufafanuzi bora wa mawanda uliofanywa na Stavka katika vita nzima. Hatua ya pili iliyokuwa imepangwa iliitwa Saturn: Fronti ya Kusini-Magharibi ya Nikolai Vatutin ingelivunja Jeshi la 8 la Italia kwenye Mto Don na kwenda moja kwa moja kusini hadi Rostov, ili Kundi zima la Majeshi A la Wajerumani lililokuwa Kaukazi lifungiwe huko. Tarehe 12 Desemba, hata hivyo, kamanda wa Kijerumani Erich von Manstein alianza kusukuma vifaru vya Hermann Hoth kuelekea Stalingrad kutoka kusini-magharibi. Jeshi la 2 la Gadi la Rodion Malinovsky, ambalo lilikuwa limewekewa akiba kwa ajili ya safari ya Rostov, lilielekezwa kwenye Mto Myshkova kumzuia Hoth, na usiku wa tarehe 13 Stavka ikaibadilisha Saturn kuwa Saturn Ndogo. Badala ya kuelekea Rostov, pigo liligeuzwa kusini-mashariki, nyuma ya Manstein, na kina chake kikapunguzwa.

Saturn Ndogo ilianza tarehe 16 Desemba. Safu ya Waitalia ilivunjika, na tarehe 24 vifaru vya Vasily Badanov vikaingia kwenye uwanja wa ndege wa Tatsinskaya, mojawapo ya viwanja vilivyokuwa vikilipelekea Jeshi la 6 chakula na risasi. Manstein alilazimika kumnyang'anya Hoth divisheni yake yenye nguvu kuliko zote ili kuziba tundu, na Hoth, aliyekuwa amebakiza takriban kilomita 50, akageuka. Lengo lililopunguzwa lilitimia. Lilikuwa na bei yake nayo isifichwe: Rostov haikutwaliwa mpaka tarehe 14 Februari 1943, na sehemu kubwa ya Kundi la Majeshi A ilikwisha kupenya, nyingine kupitia mji huo, nyingine kuelekea Kuban. Mnyama mkubwa alitoroka ili yule aliyekwisha kunaswa asiponyoke, na Jeshi la 6 lilisalimu amri mwishoni mwa Januari na siku mbili za kwanza za Februari.

Wakati huohuo, mbele ya Moscow, operesheni nyingine iliyoitwa Mars ilikuwa imeshindwa. Ilianza tarehe 25 Novemba dhidi ya eneo lile lile la Rzhev lililokuwa limebaki mikononi mwa Wajerumani tangu majira ya baridi yaliyopita, ikakoma baada ya wiki tatu na ushei bila kupata kitu cha maana, na zaidi ya askari 200,000 wakauawa au kujeruhiwa. Historia rasmi za Kisovieti ziliitaja kwa kifupi sana, na zilipoitaja zilisema lengo lake lilikuwa kuwashika Wajerumani wasipeleke msaada Stalingrad. Mwaka 1999 mwanahistoria wa Kimarekani David Glantz alitoa kitabu kinachodai kwamba Mars ilikusudiwa kuwa pacha wa Uranus, yenye nia ya kuliteketeza jeshi zima la Ujerumani pale Rzhev, na kwamba sifa ya kuwa shambulio la kumshughulisha adui ilibuniwa baada ya kushindwa. Wanahistoria wengi wa Urusi wamemkatalia. Ukubwa wa majeshi yaliyotumwa na kina cha maagizo yao vinaelemea upande wa Glantz, ingawa si lazima Mars iwe ilipewa uzito ule ule wa Uranus. Ugomvi huo unaonyesha jambo moja kuhusu utafiti wa mada hii: lengo lililoandikwa kabla ya shambulio na lengo linalotajwa baada yake ni nyaraka mbili tofauti, na anayesoma ya pili peke yake atakuta kwamba majenerali wote walifaulu.

Mafanikio ya Stalingrad yalirudisha hamu ya Januari 1942 karibu bila kubadilika. Mwishoni mwa Januari 1943 Vatutin alitumwa katika operesheni iliyoelekezwa kwenye Bahari ya Azov na Mto Dnieper, Fronti ya Voronezh ikaelekezwa Kharkov, na Konstantin Rokossovsky akaagizwa kuhamisha majeshi yake kutoka Stalingrad ili ashambulie kuelekea Bryansk, huku njia ya kuwasafirisha watu, farasi na mizinga ikiwa reli moja tu. Kharkov ilikombolewa tarehe 16 Februari. Vatutin aliona misafara ya Wajerumani ikielekea magharibi, akaripoti kwamba adui anakimbilia ng'ambo ya Dnieper, na Stavka, iliyotaka kuamini hivyo, ikaamini. Misafara hiyo ilikuwa divisheni za vifaru zikijipanga. Kutoka karibu tarehe 20 Februari Manstein alizipiga mbavu za Vatutin, ambaye vikosi vyake vya mbele vilikuwa vinaishiwa mafuta karibu na Zaporozhye, na kufikia katikati ya Machi Kharkov ilikuwa imerudi mikononi mwa Wajerumani, Belgorod ikaifuata siku chache baadaye, mpaka tope la majira ya kuchipua lilipowasimamisha wote wawili. Mstari uliobaki ulikuwa na uvimbe mkubwa kuelekea magharibi, na katikati yake mji wa Kursk.

Tarehe 8 Aprili 1943 Zhukov alimpelekea Stalin ripoti kutoka eneo hilo. Alipendekeza Jeshi Jekundu lisiwe la kwanza kushambulia katika siku zilizofuata. Lingojee ndani ya ngome zake, liviharibu vifaru vya adui vikija, kisha liingize akiba mpya na kuanza mashambulizi ya jumla. Makamanda wa fronti waliulizwa maoni yao, wakiwa na mawazo tofauti, na tarehe 12 Stalin alikutana na Zhukov, Vasilevsky na naibu Mnadhimu Mkuu, Aleksei Antonov. Safari hii mkubwa alisikiliza hesabu hadi mwisho, na majeshi ya Kursk yakaanza kuchimba mahandaki.